Dirhamu ya Chakula na Dirhamu ya Shoka
Somo juu ya mtu aliyepunguzwa kazi baada ya miaka mingi

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake:

Ndugu msomaji, somo letu la leo ni juu ya msiba usiowekewa matanga. Mtu akifiliwa, mtaa mzima humwendea kumpa pole. Akiunguliwa na nyumba, watu humkimbilia na ndoo. Lakini mtu akipewa barua ya kuachishwa kazi aliyoifanya miaka ishirini, hapana amwendeaye. Wasiojua hawajui, na wajuao hunyamaza kwa kuona haya. Naye mwenyewe huona ni aibu, akaificha, na msiba uliofichwa huzaa misiba mingine.

Tumchukue, kwa mfano, mtu mmoja wa Madogo. Madogo ni mji ulio ukingoni mwa Mto Tana, katika Kaunti ya Tana River, na mji wa Garissa uko ng'ambo ya pili ya daraja. Mtu wetu huyu alivuka daraja hilo kila asubuhi kwa miaka 22, akienda Garissa kufanya kazi ya ukarani katika ghala la kampuni moja. Alianza akiwa kijana asiye na mke. Sasa ana watoto wanne. Siku moja aliitwa ofisini, akapewa karatasi isemayo kuwa kampuni inapunguza watu, naye ni miongoni mwao. Hakutajiwa kosa lolote. Akaikunja barua, akaitia mfukoni, akarudi nyumbani kimya. Kesho yake akaamka alfajiri, akavaa shati lake la kazi, akaaga watu wake, akavuka daraja kama ilivyo desturi. Huko akakaa chini ya mti mpaka alasiri, ndipo akarudi. Akafanya hivyo mwezi mzima, na mkewe hana khabari.

Mtu huyu hatukumtaja kwa jina kwa kuwa ni mfano wa kufundishia tu. Lakini msomaji akitazama vizuri atamwona, ikiwa si Madogo basi ni Malindi au Likoni, na pengine atamwona katika nyumba yake mwenyewe. Basi natumwendee, tukae naye chini ya mti ule, tuzungumze naye kama ndugu.

LA KWANZA: KUPUNGUZWA SI KOSA WALA SI AIBU

Neno la kwanza la kumwambia ni hili: ndugu yetu, hukufanya kosa. Watu wa Tana wana mfano ulio wazi kuliko maneno yetu. Huko Hola, chini ya Madogo, mashamba ya kumwagilia maji yalianzishwa mwaka 1953, yakalimwa kwa maji ya mto yaliyovutwa kwa pampu. Mwaka 1989 mto ukaiacha njia yake, ukapita kwengine, na mashamba yakasimama kwa kukosa maji. Je, pampu zilikuwa na kosa gani? Zilikuwa pale pale zilipowekwa, tayari kwa kazi yake. Ni mto uliohama.

Basi na biashara za dunia ni kama mto. Katika pwani yetu kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, baada ya miaka hamsini. Machimbo ya madini ya titani huko Kwale yaliacha kuchimba mwezi wa Desemba 2024 kwa kuwa madini yenyewe yalikwisha. Katika kila mahali hapo palikuwa na watu hodari, waaminifu, wasiochelewa kazini hata siku moja. Uhodari wao haukuyazuia madini yasiishe.

Lakini wakulima wa Tana tangu zamani hawakukaa kulilia njia ya mto. Maji yakifurika na kupwa, walipanda katika udongo mpya ulioachwa na maji. Mto ukihama, na mashamba yakahama. Wazee wetu nao walisema kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo ni ile kazi ya kampuni. Uhunzi ni ujuzi ulio katika mikono na kichwa chako, na huo haukuandikwa katika barua ile.

Hapa yatupasa kuonya juu ya jambo moja lililoenea kwetu. Mtu akiachishwa kazi, huwa hakosi mtu wa kumnong'oneza kuwa amefanyiwa jambo. Kwamba fulani ana kijicho, basi aende akapigiwe ramli ajue ni nani. Huenda, akatoa kuku na fedha, akarudi na jina la jirani au la shemeji. Amepoteza fedha, amepoteza jirani, na kazi haikurudi. Juu ya hayo amejichumia dhambi, kwani kumwendea mpiga ramli na kumsadiki ni jambo lililokatazwa katika dini yetu kwa makatazo makubwa. Kampuni ilipunguza watu kwa sababu ya hisabu zake, si kwa hirizi ya mtu.

LA PILI: SUBIRA SI KUACHA HAKI

Watu wengine humwambia mwenzao aliyepunguzwa: "Nyamaza, mshitakie Mungu." Maneno haya yana sura ya dini, lakini ndani yake mna kosa. Subira ni kuuzuia moyo usikate tamaa na ulimi usikufuru. Kuacha haki yako ipotee nayo iko mikononi mwako si subira, bali ni uzembe. Ujira wa mtu ni deni juu ya aliyemuajiri, na Mtume (s.a.w.) ameamrisha mfanya kazi alipwe ujira wake kabla ya jasho lake kukauka. Wewe kuidai haki hiyo kwa adabu ni kumsaidia muajiri wako asikutane na Mola wake akiwa na deni lako.

Basi ni lazima kuijua haki yenyewe. Katika Kenya sheria ya kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 40, imeweka masharti juu ya kumpunguza mtu kazi. Nayo kwa ufupi ni haya:

1. Khabari ya kupunguzwa itolewe si chini ya mwezi mmoja kabla. Ikiwa mfanya kazi ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, khabari hiyo hupelekewa chama na afisa wa kazi wa serikali. Na ikiwa si mwanachama, hupewa yeye mwenyewe kwa maandishi, na afisa wa kazi pia.

2. Kuwachagua watakaoondoka kusiwe kwa chuki wala upendeleo. Hutazamwa miaka ya utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja.

3. Siku za likizo ambazo hakuzichukua alipwe kwa fedha.

4. Apewe notisi ya mwezi mmoja, au alipwe mshahara wa mwezi mmoja badala yake.

5. Alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima alioutumikia.

Kampuni iliyofilisika ina hukumu zake mbali katika sheria hiyo hiyo. Tena kila aondokaye ana haki ya kupewa cheti cha utumishi, kinachoonyesha alifanya kazi gani na kwa muda gani. Asiondoke bila ya cheti hicho. Na akidhulumiwa asikae miaka akingoja huruma, kwani madai ya kazi yakipita miaka mitatu bila kufikishwa mahakamani hayapokewi. Aende kwanza kwa afisa wa kazi au kwa chama chake, na barua zake mkononi. Tena asitie sahihi karatasi yoyote isemayo kuwa amelipwa haki zake zote kabla ya kuisoma na kuihisabu. Kama hajui kuisoma, amtafute ajuaye.

Tumhisabie ndugu yetu wa Madogo. Tuseme mshahara wake ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani kama shilingi 1,000 kwa siku. Siku 15 kwa miaka 22 ni siku 330, basi kiinua mgongo chake ni shilingi 330,000. Tuongeze mwezi mmoja wa notisi, 30,000. Na siku kumi za likizo, 10,000. Jumla ni shilingi 370,000, kabla ya kodi na makato ya sheria. Akiba yake ya NSSF ina masharti yake mbali, na aiulize katika ofisi yake. Aulize vile vile juu ya bima ya afya ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, kwani sasa hapana tena muajiri wa kumkatia na kumpelekea. Ni lazima alipe mwenyewe, wasije watoto wakaugua naye hana kinga.

LA TATU: DIRHAMU MBILI

Shilingi 370,000 kwa mtu aliyezoea 30,000 huonekana ni mali nyingi. Hapo ndipo wengi huangamia. Mmoja hufanya arusi kubwa ya binti yake, mtaa ukala siku tatu. Mwengine hununua pikipiki, akampa kijana asiyemjua vyema aiendeshe. Mwengine hugawa kwa kila jamaa aliyekuja na shida yake, kwa kuona haya kusema sina. Haupiti mwaka ila amerudi kukopa dukani, na dhiki ikizidi hukopa katika simu mkopo wenye riba, akawa na misiba miwili.

Imepokewa na Abu Daud kuwa mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume akamuuliza kama nyumbani mwake hamna kitu. Akajibu kuwa mna nguo nzito, nusu hujifunika na nusu hutandika, na bakuli la kunywea maji. Akaamrishwa avilete vitu hivyo. Mtume akavinadi mbele ya watu, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Akampa yule mtu fedha, akamwambia anunue kwa dirhamu moja chakula cha watu wake, na kwa dirhamu ya pili anunue shoka. Alipoleta shoka, Mtume mwenyewe akalitia mpini kwa mkono wake, akamwamrisha akate kuni na kuziuza, wala asimwone mpaka zipite siku kumi na tano. Siku hizo zilipotimia mtu yule alirudi na dirhamu kumi, akanunua nguo na chakula.

Baadhi ya wanavyuoni wa Hadithi wamesema juu ya isnadi yake, lakini maana yake inakubaliana na mafunzo mengine mengi yasiyo na shaka, yanayosifu kazi ya mkono na kulaumu kuomba. Tazama basi hekima iliyomo. Fedha haikutumiwa yote kwa chakula, kwani ingekwisha na njaa ingerudi. Wala haikutumiwa yote kwa shoka, kwani mwenye njaa hawezi kulinyanyua. Na ule muda wa siku kumi na tano ni mpango wenye siku ya kutoa hisabu, si matumaini matupu.

Kiinua mgongo ni dirhamu mbili hizo. Ndugu yetu wa Madogo, kabla hajamwambia mtu yeyote wa nje ana kiasi gani, achukue daftari. Kwanza atoe madeni. Tuseme ni 50,000, zimebaki 320,000. Kisha akae na mkewe watazame matumizi ya nyumba. Ikiwa walikuwa wakitumia 25,000 kwa mwezi, watafute njia ya kushuka mpaka 20,000. Hapo 200,000 ni chakula cha miezi kumi. Hii ndiyo dirhamu ya kwanza, na isiguswe kwa jambo jengine lolote. Zinazobaki, 120,000, ndizo shoka. Na zile ambazo zitakuwa bado mkononi mwake mwaka wa Kiislamu ukitimia, nazo zimefika nisabu, azitolee zaka.

LA NNE: NI NINI SHOKA?

Wengi hudhani shoka ni lazima liwe kitu kipya wasichokijua. Mtu aliyekuwa karani miaka 22 huenda akatia fedha zake zote katika shamba la ukingoni mwa mto, naye hajapata kushika jembe. Mafuriko ya mwaka 2023 na ya mwaka 2024 yaliikata njia baina ya Madogo na Garissa. Mwenye shamba la ukingoni alijua kabla ya wengine wote. Kulima ni kazi ya heshima, lakini ina wataalamu wake, na mwanafunzi haanzi kwa kutia mali yake yote.

Sahaba Abdulrahman bin Auf aliacha mali yake Makka, akafika Madina hana kitu. Mtume (s.a.w.) akamfanya ndugu wa Saad bin Rabii, naye Saad akampa nusu ya mali yake. Abdulrahman akamwombea baraka, akaikataa ile nusu, akaomba aonyeshwe soko liliko. Akaanza kwa kuuza samli na jibini kavu, mpaka akawa katika matajiri wa Madina. Hakwenda kulima mitende kama watu wa Madina. Alikuwa mfanya biashara, akalitafuta soko.

Basi karani wetu ajiulize: kampuni ilikuwa ikinilipa kwa ujuzi gani? Anajua kupokea mizigo, kuhisabu, kuandika kiingiacho na kitokacho, kugundua upungufu. Na wenye maduka Madogo na Garissa ni wengi, na daftari zao ni chache. Wazee wamesema mali bila daftari hupotea bila khabari. Anaweza kuwawekea hisabu watu watatu au wanne kwa malipo madogo ya kila mwezi, huku akianza duka dogo lake mwenyewe kwa sehemu tu ya ile 120,000. Ajiwekee miezi mitatu, kisha atoe hisabu mbele ya mkewe na rafiki mmoja mwaminifu. Likifaa aongeze, lisipofaa aache mapema, na fedha nyingine ingali ipo. Wala asione haya kuajiriwa tena kwa mshahara ulio chini ya ule wa zamani. Hapana kazi ya halali iliyo duni. Kuomba ndiko duni.

LA TANO: MWAMBIE MKEO

Tumrudie pale chini ya mti. Katika yote aliyoyatenda, kubwa la kumdhuru ni kumficha mkewe. Mwezi mzima nyumba imetumia kama kwamba mshahara unakuja. Dhahabu ya akiba imeazimwa, kanzu za Idi zimeahidiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na siku mkewe atakapoyajua kwa kinywa cha watu, hataumia kwa kukosa mshahara. Ataumia kwa kudanganywa kila asubuhi.

Nanyi akina mama mjue cheo chenu katika jambo hili. Mali ya mke ni yake, na kuilisha nyumba ni wajibu wa mume. Mume hana ruhusa kuuza dhahabu ya mkewe kwa nguvu wala kwa hila. Lakini Zainabu, mke wa Ibn Masuud, alipotaka kujua kama yafaa ampe mumewe sadaka yake, Mtume (s.a.w.) alijibu kuwa ana thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Basi mwanamke amsaidiaye mumewe katika siku hizo atoa sadaka iliyo bora, na si haki kumsimbulia baadaye.

LA SITA: WAJIBU WETU SISI WENGINE

Somo hili lingekuwa na upungufu lau tungemsomea aliyepunguzwa peke yake, sisi tukatoka huru.

Enyi waajiri, semeni kweli mapema. Mkijua kuwa biashara inashuka, msiwafiche watu mpaka siku ya mwisho, wakakopa na kujenga kwa tamaa ya mshahara usiokuwapo. Na mlipeni mtu kabla hajatoka mlangoni.

Enyi wenye kuwadai, Mwenyezi Mungu ameamrisha mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate. Mwenye duka anayemngoja mteja wake wa miaka ishirini hapotezi kitu kwa Mola wake.

Enyi wenye zaka, miongoni mwa mafungu manane wamo mafakiri, masikini na wenye madeni. Tumezoea kumtafuta wa kumpa zaka kwa kutazama nguo mbovu. Lakini huyu mwenye shati safi la kazi, ambaye kiinua mgongo chake kimekwisha kwa madeni na hajapata kazi, huenda akawa ni mwenye haki kabla ya wanaopiga hodi, na haya yake ndiyo iliyomzuia. Mpeni kwa siri, na mkiweza mpeni shoka: cherehani, mzani, au mtaji wa kuanzia.

Na enyi jamaa na majirani, mwendeeni. Msiende na maswali ya kampuni ilikulipa ngapi. Nendeni kama muendavyo matangani, mkae naye. Anayekuja na khabari ya kazi ni bora kuliko anayekuja na pole tupu, na anayekuja na pole ni bora kuliko asiyekuja.

Mwezi wa pili wa mtu wetu wa Madogo haujaandikwa, kwa kuwa kuuandika ni juu yake na juu yetu. Lakini twajua mwanzo wake uko wapi: avuke daraja saa nne ya asubuhi badala ya alasiri, aingie nyumbani kwake, atoe ile barua mfukoni, aiweke mbele ya mkewe, na aombe daftari.

Maswali ya kuzungumza katika darsa:

1. Ni ipi tofauti ya subira na kuacha haki? Toa mfano katika mtaa wako.
2. Mtu aliyetumikia miaka 14 kwa mshahara wa shilingi 24,000, kiinua mgongo chake kwa uchache ni kiasi gani?
3. Kwa nini dirhamu ya chakula na dirhamu ya shoka zilitengwa?
4. Ni nani katika mtaa wetu aliyepunguzwa kazi mwaka huu, na ni nani aliyemwendea?

Swali la nne lisijibiwe kwa sauti. Lijibiwe kwa miguu.

Mwenyezi Mungu atupe rizki ya halali, atutosheze kwayo, na atuepushe na deni lisilolipika. Amin.